Kidonge Tulichogawana Mimi na Doto

Jina langu ni Kulwa. Mtu wa huku Shinyanga akilisikia anauliza hapohapo, "Na Doto yuko wapi?" Kwetu Usukumani mapacha wana majina yao tangu tumboni: anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Shija. Kwa mama yetu tulitimia wote watatu. Zamani swali hilo nilikuwa nalijibu huku natembea. Siku hizi inabidi nisimame kwanza.

Shule niliishia darasa la tatu. Nyumba ninayoishi hapa Kambarage, mjini Shinyanga, nimeijenga kwa mawe niliyoyavunja chini ya ardhi, na hakuna mtu anayeweza kusimama mbele yangu akasema alinishika mkono. Nasema hivyo ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kulialia. Ninaandika kwa ajili ya yule aliyeambiwa na daktari kwamba mapafu yake hayatarudi kama zamani, na kwamba atameza dawa mwaka mzima, pengine zaidi, hata siku ambazo haumwi. Na zaidi ninaandika kwa ndugu zake wanaokaa naye nyumba moja.

Mimi na Doto tuliingia machimboni vijana, upande wa Geita kwanza, halafu Segese. Tulishuka duarani pamoja, yaani kwenye shimo la dhahabu, mmoja anashika tindo mwingine anapiga nyundo, na mwamba mkavu unatoa vumbi kama unga wa mhogo. Tulikuwa tunatoka weupe mpaka kope. Doto alikuwa akifika juu anacheza hivyohivyo na weupe wake, anatikisa mabega kama mcheza ngoma wa mavuno, wachimbaji wanaacha kula kwa kucheka. Hakuna aliyetuambia kwamba vumbi lile halitoki kwa kuoga. Na angetuambia tusingemsikiliza, kwa sababu tulikuwa tunaona dhahabu.

Mimi nikapata, nikanunua karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Basi nikawa nimetoka kwenye vumbi la chini nikaingia kwenye vumbi la juu. Doto hakupenda mashine. Alirudi Geita kufuata maduara mapya kila aliposikia kuna mahali pametoa.

Ugonjwa ulinianza kwa kifua kikuu. Nilimeza dawa nusu mwaka pale Segese, sikuruka hata siku moja, nikapimwa nikaambiwa nimepona. Nilimchinjia mbuzi mhudumu aliyekuwa ananisimamia. Lakini kikohozi hakikuondoka. Kilikaa kama mgeni aliyeaga akabaki mlangoni. Kila baada ya wiki kadhaa kinawaka upya, homa inapanda, napewa dawa za siku chache, kinalala, kinaamka.

Nitakwambia mambo ambayo watu wanaona haya kuyasema. Makohozi yangu yalikuwa mengi, ya kijani, na yalinuka. Nilikuwa na kopo lenye mchanga chini ya kitanda, na asubuhi lilikuwa zito. Ncha za vidole vyangu zilivimba zikawa kama vijiko. Mkanda niliutoboa tundu jipya, nikautoboa tena, mwisho nikaufunga kwa kamba kama mchunga ng'ombe. Nilikuwa mtu wa kubeba mfuko wa mawe begani. Ikafika siku nikapumzika katikati ya kutoka kitandani kwenda chooni, kwenye nyumba yangu mwenyewe, nimeshika ukuta niliouinua mimi. Mke wangu, Mama Minza, akahamia chumba cha mtoto. Hakusema ni kwa sababu ya harufu. Alisema mimi nakoroma. Nilimshukuru kwa uongo huo, lakini sikumwambia.

Nilipoacha karasha kwa mkwe wangu nikarudi Kambarage kukaa, ndipo nilipoanza kwenda kwenye hospitali kubwa, kliniki ya kifua. Yeyote anayeanza, ajiandae na benchi. Benchi ndilo lenye ugonjwa wenyewe. Unakaa na watu ambao kila mmoja anasikiliza kikohozi cha mwenzake kupima kama amemzidi. Mzee mmoja aliyewahi kuchimba Segese alikuwa anakaa karibu yangu. Siku ya kwanza alinitazama vidole, akaniuliza, "Duara gani?" Hakuuliza unaumwa nini. Nikamtajia. Akasema, "Hili nalo ni duara, mzee mwenzangu. Unapanga foleni, unaingia gizani, unatoka mtupu." Tulicheka mpaka tukakohoa wote wawili, muuguzi akachungulia akidhani kuna mtu anakufa.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu Minza. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Alinipiga picha ya kifua, akanipima moyo kwa zile nyaya za kubandika kifuani, akachukua makohozi yangu mara mbili ahakikishe kifua kikuu hakipo, akaniuliza kama nasikia vizuri masikioni. Nikamwambia nimekaa na karasha miaka, nasikia ninachotaka. Hakucheka. Majibu yalipotimia akaniita.

"Baba, TB haipo. Lakini njia za hewa ndani ya mapafu zimeharibika. Ni kama mfereji uliobomoka kingo, uchafu unatuama humo. Nitakupa dawa ya kuzuia uchafu usioze. Haitajenga kingo upya."

"Nitameza mpaka lini?"

"Mwaka kwanza. Kidonge kimoja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Halafu tutaangalia."

"Mwaka mzima? Hata nikiwa mzima?"

"Hasa ukiwa mzima. Na masikio yakianza kuvuma, uje uniambie siku hiyohiyo. Usisubiri tarehe."

Nilitoka nimekasirika. Kwa akili yangu dawa ni kitu cha kumaliza. Unaumwa, unameza, unamaliza, unaendelea na shughuli. Dawa isiyo na mwisho niliona ni kama kufungwa bila kuambiwa kosa. Lakini nikaanza.

Hapa sasa lazima nimlete mama yetu. Tunamwita Mayu, kwa Kisukuma. Nilimtoa kijijini, huko Mhunze, nikamweka kwangu alipozeeka, ingawa ukimwona anavyokata viazi vya kukausha michembe unaweza kudhani ni binti. Mayu alitulea mapacha kwa sheria moja: kinachompata mmoja, wapate wote. Nguo haikununuliwa moja. Mmoja akichapwa, mwingine anapata kofi dogo la kusawazisha. Na dawa hasa. Mmoja akiumwa, mganga alichemsha mizizi, na aliyekuwa mzima ndiye aliyekunywa kwanza, kutoka kibuyu kilekile. Waliamini kwamba ukimtibu pacha mmoja, ugonjwa unavuka kitanda tu. Sisi tulikua hivyo, na hatukufa. Kwa Mayu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Doto alifika wakati dengu zinang'olewa. Aliteremka na begi moja, amekonda, shati linacheza mwilini. Nilimsikia kabla sijamwona, maana kikohozi chake kilikuwa kikohozi changu. Nilidhani ni mimi nakohoa nje.

"Mkubwa," akaniambia, kwa kuwa mimi nilimtangulia kuzaliwa, "wewe ulitoka kwanza ukavuta hewa yote ya mle ndani. Mimi nikabakiziwa mvuke. Ona sasa."

"Umekwenda hospitali?"

"Wewe si ulikwenda? Ukapimwa, ukaambiwa TB hakuna. Damu ni moja. Mimi nipimwe nini tena?"

Nilijua sababu nyingine ambayo hakuisema. Huko duarani mtu akiandikwa TB, wenzake hawashuki naye tena. Doto bila duara alikuwa hana kitu. Hakuwa na nyumba, hakuwa na mke aliyebaki naye. Alikuwa na wenzake wa shimoni na vichekesho vyake.

Ijumaa ya kwanza baada ya kufika kwake, nilikuwa nimeketi uani na kikombe cha maji na kidonge changu. Mayu alikuwa anakata viazi. Akaacha.

"Hicho anakunywa nani?"

"Mimi, Mayu. Ni dawa ya kifua."

"Na mwenzako?"

"Mwenzangu hakuandikiwa."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Akasema kwa Kisukuma, naandika kwa Kiswahili: "Ile ya Segese ulikunywa peke yako, sikuambiwa. Ugonjwa umerudi au haukurudi?"

Nikakubali kwa kichwa. Umerudi, gete, kweli kabisa.

"Unaona. Lete hapa."

Akakiweka kidonge kwenye kibao, akakikata kwa kisu cha viazi. Nusu kwangu, nusu kwa Doto. Kidonge kile kikikatwa ni kichungu, uchungu unaokwenda mpaka kwenye meno. Doto alikunja uso, akasema, "Dawa kali hii. Inafaa." Mama Minza alikuwa amesimama mlangoni na ungo. "Baba Minza," akasema, "daktari alisema ni cha nani?" Nikamwambia hayo ni mambo ya mapacha, aendelee na mchele wake. Hakuongea nami mpaka jioni, na alikuwa na haki.

Tukawa hivyo. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, Mayu na kisu chake. Ajabu ni kwamba mwanzoni tulipata nafuu wote. Mimi kopo langu likapungua. Doto akaanza kula, akawa anakwenda kukaa kwenye kibanda cha kahawa barabarani, anasimulia watu habari za Geita mpaka wanasahau kulipa. Jioni tulikaa uani watatu, mama na wanawe wazee wawili, tunamenya karanga. Mayu alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu baba afe. Alikuwa ametuponya. Nani angemwambia vinginevyo?

Kiangazi kikaingia. Huku kwetu kiangazi ni upepo na vumbi jekundu linaloingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Nikaanza tena. Homa, makohozi, na asubuhi moja nikaona damu kwenye mchanga wa kopo. Doto naye alikuwa anatoka jasho usiku mpaka godoro linaanikwa, akasema ni joto. Alikuwa amekonda kupita alivyokuja. Lakini kila nikimtajia hospitali anasema, "Si tunameza? Subiri ifanye kazi."

Nilikwenda kliniki kabla ya tarehe. Daktari akasikiliza mgongo wangu muda mrefu. Akaniuliza kama nameza. Nikasema nameza. Akataka kuona dawa nilizobakiza, nikatoa pakiti mfukoni, na ndani yake kulikuwa na nusu kidonge kwenye karatasi, sehemu ya Doto ya siku hiyo.

"Hii nusu ni ya nini?"

"Ya ndugu yangu. Sisi ni mapacha." Nilisema waziwazi. Sikuwa nimeiba kitu.

Aliweka kalamu chini. Nilijiandaa kufokewa, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumjibu, kwamba mimi ni mzee, siwezi kufundishwa na mtoto namna ya kumpenda ndugu yangu. Hakufoka.

"Mzee Kulwa, huyo ndugu yako anakohoa?"

"Kama mimi."

"Anakonda? Jasho usiku?"

"Ndiyo."

"Wewe kabla sijakupa hii dawa nilikupima makohozi mara mbili, unakumbuka? Ukanilalamikia kwamba nakuchelewesha. Nilikuwa natafuta TB, kwa sababu kama ipo, dawa hii siyo yake. Mwenzako nani amempima?"

Akaendelea, taratibu, kama mtu anayeteremsha mzigo asiuvunje: "Wewe umepata nusu, wadudu wako wamejifunza kuvumilia dawa. Hilo tutahangaika nalo. Yeye amepata kitu kibaya zaidi. Amepata kuamini kwamba anatibiwa. Mlete. Kesho."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Doto mbele ya Mayu. Doto akasimama.

"Sema tu umechoka kugawana."

"Sijachoka. Nenda ukapimwe."

"Umejenga nyumba, umenunua karasha, sasa kidonge nacho unataka kizima. Sawa, Mkubwa. Kula peke yako."

"Wewe mjinga, utakufa!"

"Na wewe utabaki na nani?"

Mayu akapiga kibao kwa kiganja. Akasema mimi ndiye niliyeanza kuleta maneno ya hospitali ya kutenganisha watu. Akasema pacha akimwambia mwenzake utakufa, amemfungulia mlango. Nilijiona niko peke yangu kwenye uwanja wangu mwenyewe. Mama Minza alinitazama tu kutoka jikoni, macho yakisema, hayo si ni mambo ya mapacha?

Siku mbili hatukusemezana. Nilimsikia Doto upande wa pili wa ukuta anakohoa, kikohozi kinachoishia na mluzi. Nilifikiri sana. Mimi si mtu wa kufikiri kwa maneno mengi; nafikiri kama mtu anayetafuta mshipa wa dhahabu, unagonga hapa, unagonga pale. Mwisho nikaona. Asubuhi nilikwenda nikapiga magoti mbele ya mama yangu, kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu siku naoa.

"Mayu, kidonge cha mmoja ni cha nani?"

"Cha wawili."

"Kofi la mmoja?"

"La wawili."

"Basi mimi nimetemea makohozi kwenye kikopo cha hospitali, nimepigwa picha, nimebandikwa nyaya kifuani. Nimefanya hayo peke yangu. Doto anataka dawa tugawane, lakini vipimo nimebeba mimi. Hiyo ndiyo sheria yako?"

Alikitazama kisu alichokuwa nacho mkononi. Doto alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, na nilimwona uso unabadilika, kwa sababu yeye alijua kuliko mimi kwamba Mayu hawezi kuivunja sheria yake.

"Doto," mama akasema, "vaa viatu."

Alipimwa. TB ilikuwepo, na si ya jana. Daktari alionyesha picha ya kifua chake, nikaweka kichwani picha yangu kando yake. Mimi nilikuwa na mifereji mibovu. Yeye upande mmoja alikuwa hana shamba lenyewe, pafu limeliwa. Akalazwa siku hiyohiyo, akaanzishiwa dawa zake, za kwake mwenyewe, vidonge vizima mkononi. Alivitazama akaniambia, "Nikugawie?"

Nami nikapimwa upya, na Mama Minza, na kila aliyelala nyumba ile, isipokuwa Mayu aliyekataa katakata kusogea hospitali. Mimi sikuwa nayo. Nikaongezewa dawa za sindano kwa siku kadhaa, kisha nikarudishwa kwenye kidonge changu, kizima, tarehe ikaanza kuhesabiwa upya.

Nilikuwa nakwenda wodini kila siku, nimefunga barakoa. Wauguzi walituchanganya. Mmoja aliwahi kunifukuza mlangoni: "Mzee, nani amekuruhusu kutoka kitandani?" Doto alicheka kutoka ndani. "Mshikeni huyo mrudisheni, mimi ndiye mzima, nataka kwenda nyumbani." Kwa siku chache tukadhani atainuka. Aliomba maziwa mgando, Mama Minza akayapeleka kwenye chupa, alikunywa yote. Tulianza hata kugombana, nikajua anapata nafuu.

Halafu mvua za kwanza zikapiga, watu wakaanza kupanda pamba, na yeye akaanza kushuka. Siku ya mwisho tuliyozungumza alikuwa amekaa amejiegemeza, kwa sababu akilala hewa ilimkataa. Nilimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya vijiko kama vyangu.

"Safari hii," akasema, akavuta pumzi, "natangulia mimi."

"Acha ujinga."

"Usinifuate haraka. Niache nikae mkubwa kwanza."

Alitaka kucheka, kikohozi kikamkata. Kesho yake asubuhi nilipofika, kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Tulimzika Mhunze kwa dada yetu Shija, udongo umelowa, majembe yananata. Kuna kitu mtu asiye pacha hawezi kukijua. Nilikuwa natembea msibani na sura ya marehemu. Watoto walinikimbia. Mwanamke mmoja alinigeukia akaachia mtungi. Wazee walinisalimia wakitazama pembeni. Na Mayu hakunitazama hata mara moja, siku zote za matanga, na tuliporudi Kambarage alikuwa anageuza uso nikipita. Alikiacha kisu cha viazi ukutani. Michembe mwaka ule hatukukausha.

Sasa wewe uliyeambiwa umeze mwaka mzima, nisikilize. Mimi niko hai. Nimepita masika na kiangazi kingine nikimeza kizima, na kopo la mchanga nimelitupa. Napanda kutoka barabarani mpaka kwangu nikisimama mara moja tu, kwenye duka la muuza mkaa, nikijifanya namsalimia. Masikio yalianza kuvuma kama nyuki mbali, nikaenda kusema siku hiyohiyo kama nilivyoambiwa, wakanipima, wanaendelea kuniangalia. Mama Minza amerudi chumbani. Ananiambia kweli nakoroma. Siku ambazo unajisikia mzima ndizo ngumu, maana unajiuliza unameza cha nini. Meza. Na ndugu yako akikuomba kidonge, usimpe hata akikuita mchoyo mbele ya mama yenu. Mshike mkono mkakae naye benchini. Hicho ndicho cha kugawana, lile benchi.

Nimalizie na siku moja ya kliniki, baada ya matanga. Nilipotoka ndani asubuhi nilimkuta Mayu ameketi mlangoni, amevaa kitenge cha kwenda kanisani na viatu vya Shija. Nilipoanza kutembea akanifuata. Niseme mapema ili usiwe na wasiwasi: majibu yake yalitoka safi, yupo hadi leo.

Daktari alipotuona alisimama. "Shikamoo bibi. Pole sana, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kukuuliza." Kiswahili chake kidogo, alikuwa amekipanga njia nzima, nilimsikia akikinong'ona. "Mimi ndiye nilikata kidonge. Kama nisingekata, Doto angekuwepo?"

Mimi nilitazama miguu yangu. Nilitaka daktari aseme hapana, hata kama ni uongo, kama uongo wa Mama Minza.

"Sijui, bibi," akasema. "Alikuja ameshaumwa sana. Angekuja mapema zaidi, huenda. Sijui."

Mayu akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei akaikubali. Kisha akanyoosha mkono. "Wale wawili wametemea kikopo. Nipe na mimi."

"Bibi, unakohoa?"

"Nipe."

Akapewa. Pale hospitali makohozi hutolewa nje, nyuma ya jengo, kwenye hewa, upande wa uzio. Muuguzi alimwonyesha njia. Nilitaka kwenda naye, akanizuia kwa mkono. Na aliponizuia alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu tulipozika. Alinitazama muda mrefu. Halafu akaondoka na kikopo chake, amekishika kwa mikono miwili.

Nikakaa benchini na wenzangu. Tukamsikia huko nyuma anajikoholesha. Kifua chake kilikuwa kikavu, kizima, hakikuwa na kitu cha kutoa. Alikohoa, akapumzika, akakohoa tena kwa nguvu zaidi, mpaka benchi zima likaacha kukohoa likamsikiliza.

Yule mzee wa Segese akanigusa goti. "Huyo bibi ni wako? Anaumwa sana?"

"Haumwi," nikamwambia. "Amefiwa."